Lugha Mapokezini: Vidokezo kwa Anayetaka Kuchunguza Utalii wa Indonesia

Mwanafunzi wa isimu tumizi akipewa mada ya lugha na utalii, mara nyingi hukimbilia swali moja: wahudumu wa hoteli wanajua Kiingereza kiasi gani? Swali lenyewe si baya, ila limeulizwa hadi limechakaa, na jibu lake hujulikana hata kabla hojaji haijachapwa. Indonesia ina maswali mazito kuliko hilo. Nchi ina lugha zaidi ya 700 na lugha moja ya taifa iliyokwisha kuota mizizi, na mwaka 2019, kabla ya korona, ilipokea wageni wapatao milioni 16 kutoka nje. Sisi tuliokulia kati ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na lugha ya mgeni tutajikuta tunaelewa mambo mengi upesi. Vidokezo hivi ni vya mwanafunzi wa uzamili, mwalimu wa chuo cha utalii, na yeyote anayetaka kufanya utafiti utakaomfaa mtu.

1. Anza na kazi ya mtu, sarufi itafuata

Tom Hutchinson na Alan Waters, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu kufundisha Kiingereza kwa malengo maalumu, waligawa mahitaji ya mwanafunzi mafungu matatu: kile kazi inachodai, kile anachopungukiwa, na kile yeye mwenyewe anachokitaka. Mgawanyo huo bado ni dira nzuri, mradi uupeleke mahali kazi inapofanyika.

Chukua hoteli moja tu ya Ubud, kisiwani Bali. Mtu wa mapokezi anahitaji kupokea malalamiko ya kiyoyozi kilichokufa usiku wa manane, aombe radhi bila kuahidi asichoweza, na aeleze amana ya chumba bila mgeni kuhisi anaibiwa. Dereva anahitaji saa, bei, na namna ya kusema kwamba barabara ya kwenda uwanja wa ndege ina foleni na ni lazima watoke mapema. Anayefanya masaji anahitaji kuuliza kuhusu maumivu, jeraha na ujauzito, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Wote watatu wataandikiwa "Kiingereza cha utalii" kwenye mtaala mmoja, watakaa darasa moja, na kila mmoja atatoka na robo ya alichokihitaji. Utafiti wako ukiweza kuwatenganisha, tayari umefanya kazi.

2. Usimsahau mtalii wa ndani

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapojikwaa. Wageni wa nje huhesabiwa kwa mamilioni, lakini safari za Waindonesia wenyewe ndani ya nchi yao huhesabiwa kwa mamia ya milioni kila mwaka. Familia kutoka Surabaya inayopanda hekalu la Borobudur, wanafunzi wa Jakarta wanaopiga picha Malioboro pale Yogyakarta, wote ni watalii, na lugha inayowahudumia ni Kiindonesia, pengine kikichanganywa na Kijava.

Basi Kiindonesia chenyewe ni lugha ya utalii, tena kubwa. Kina namna yake ya kushawishi kwenye matangazo, namna yake ya kusimulia historia ya hekalu, na namna yake ya kumkataza mgeni kugusa sanamu. Badan Bahasa, taasisi ya serikali inayosimamia lugha, ina wito wa mambo matatu: kuitanguliza lugha ya Indonesia, kuzihifadhi lugha za maeneo, na kuzimudu lugha za kigeni. Chunguza kama mpangilio huo unaonekana kwenye kaunta ya tiketi. Mimi nadhani hilo ni swali bora kuliko kumpima mhudumu matamshi ya Kiingereza.

3. Soma sheria kwanza, ndipo upige picha vibao

Uchunguzi wa lugha za mabango na vibao vya hadharani umeshika kasi tangu Rodrigue Landry na Richard Bourhis walipochapisha makala yao ya 1997. Walionyesha kwamba kibao kina kazi mbili. Kinakupa habari, na pia kinatangaza lugha ipi ina hadhi mahali hapo. Vijana wengi hulipenda eneo hili kwa sababu simu ya mkononi inatosha kukusanyia data. Wanarudi na picha mia kadhaa, wanahesabu Kiingereza asilimia fulani, Kiindonesia asilimia fulani, na tasnifu imekwisha. Hesabu hiyo peke yake haielezi kitu.

Indonesia ina Sheria Namba 24 ya 2009, inayotaka vibao vya umma na vielekezi vya barabara viandikwe Kiindonesia, huku ikiruhusu lugha ya eneo au ya kigeni kuandamana nacho. Majengo na biashara za raia nazo zinatakiwa ziwe na majina ya Kiindonesia. Mwaka 2019 kanuni ya rais, Namba 63, ikafafanua matumizi hayo zaidi. Huko Bali, kanuni ya gavana Namba 80 ya 2018 ikaongeza kwamba maandishi ya Kibali yawekwe juu ya herufi za Kilatini. Ukizijua kanuni hizo, kibao cha mkahawa wa Canggu kilichoandikwa Kiingereza kitupu kinakuwa na maana mpya, na unapata watu wa kuwauliza: mwenye mkahawa, aliyechora kibao, na ofisa anayepita mbele yake kila siku.

Toka Bali pia. Nenda Puncak, milimani kusini mwa Jakarta, ambako wageni kutoka Saudia na nchi nyingine za Kiarabu hukimbilia hewa ya baridi. Maduka, ofisi za kubadili fedha na migahawa ya huko ina vibao vya Kiarabu, na sehemu moja wenyeji huiita Kampung Arab. Waindonesia wengi ni Waislamu, na Kiarabu wanakijua kama lugha ya sala. Kukiona kikitangaza bei ya nyumba ya kupanga na nyama ya kuchoma ni jambo jingine kabisa, na mtafiti anayekijua Kiarabu kidogo, kama wengi wetu wa pwani, ana faida pale.

Kisha kaa na kibao kimoja kwa muda. Kwenye malango ya mahekalu mengi ya Bali utakuta tangazo la Kiingereza linalowaomba wanawake walio katika hedhi wasiingie. Mgeni husoma, wengine hukasirika, wengine huingia kimyakimya. Lakini kwa Wabali marufuku hiyo ni sehemu ya hali pana wanayoiita cuntaka, inayomhusu pia aliyefiwa karibuni, mwanamume kwa mwanamke, na mama aliyetoka kujifungua. Mara nyingi Kiingereza cha kibao hubeba kipande kimoja tu, na kipande hicho kinapobaki peke yake husomeka kama karipio kwa wanawake. Nani aliandika Kiingereza hicho? Kwa nini msiba uliachwa? Toleo la Kiindonesia linasemaje kwenye kibao hichohicho? Sura nzima ya tasnifu inaweza kutoka kwenye ubao mmoja wa mbao, nayo ingewasaidia walinzi wa hekalu wanaolazimika kulieleza jambo hilo kwa mdomo kila asubuhi.

4. Tafuta makala kwa maneno yao

Ukitafuta kwa Kiingereza tu utapata sehemu ndogo ya kilichoandikwa. Vyuo vya Indonesia vina majarida mengi ya lugha na utalii, mengi yako wazi bila malipo, na makala kwa kawaida huwa na ikisiri ya Kiingereza hata kama mwili wake ni wa Kiindonesia. Ingia kwenye tovuti ya Garuda, inayokusanya majarida ya nchi hiyo, au SINTA, inayoyapanga kwa madaraja kuanzia 1 hadi 6. Kisha andika pariwisata kwa utalii, pramuwisata kwa mwongoza watalii, lanskap linguistik kwa mabango, kesantunan berbahasa kwa adabu ya lugha, alih kode na campur kode kwa kubadili na kuchanganya lugha. Ongeza jina la mji. Milango itafunguka.

Usiwapuuze waandishi hao kwa sababu majarida yao hayatajwi sana Ulaya. Mhadhiri wa Denpasar au Singaraja anawafundisha watu walewale unaotaka kuwachunguza.

5. Kila lugha ya kigeni ina historia yake

Usizirundike zote kwenye safu moja ya jedwali. Kijapani kilipata nguvu Bali kwa sababu Wajapani walimiminika huko hasa miaka ya 1980 na 1990. Kirusi kimeanza kusikika sana kwenye mikahawa ya kusini mwa kisiwa tangu 2022, vita vya Ukraine vilipoanza.

Kimandarini ndicho chenye historia chungu. Shule za Kichina zilifungwa mwaka 1966, na mwaka uliofuata agizo la rais likazuia mila na sherehe za Kichina hadharani. Agizo hilo lilidumu hadi mwaka 2000, lilipofutwa na Rais Abdurrahman Wahid. Kizazi kizima cha Waindonesia wenye asili ya Kichina kilikua bila kujifunza kuisoma lugha ya mababu zao shuleni. Watalii wa China walipoanza kufika kwa wingi, hoteli zikauliza kwa nini wanaojua Kimandarini ni adimu. Anayechunguza uhaba huo kwa hojaji ya kurasa mbili, bila kuijua miaka hiyo 30 na ushei, atawalaumu wafanyakazi kwa jambo lililoamuliwa na wengine.

6. Sikiliza wanavyoitana

Pak na Bu kwa wakubwa, Mas na Mbak kwa vijana wa Java, Bli kwa kaka wa Kibali. Andika nani anamwita nani vipi, na mgeni anaitwaje anapokuwa hayupo.

7. Hojaji iwe msaidizi tu

Mhudumu akiulizwa kwenye karatasi kama anachanganya lugha, atasema hachanganyi. Mrekodi akiwa kazini, kwa idhini yake na ya mgeni, na utamsikia akimjibu mteja kwa Kiingereza, akimgeukia mwenzake kwa Kibali, na akimpigia bosi simu kwa Kiindonesia, yote ndani ya dakika moja. Hiyo ndiyo data. Ukiwa na brosha na tovuti nyingi za kuchambua, tumia AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, ikuonyeshe maneno yanayoandamana.

Idhini hiyo isipitie kwa meneja peke yake. Mfanyakazi aliyeamrishwa na bosi akubali kurekodiwa hajakubali. Na usidhani jina la kwanza linamficha mtu Bali. Ni kweli akina Wayan na Made ni wengi mno, kwa sababu majina hayo hutolewa kwa mpangilio wa kuzaliwa, lakini kwenye hoteli ya vyumba kumi Wayan wa mapokezi ni mmoja, na meneja akisoma makala yako atamjua mara moja. Wape namba, na ubadilishe hata zamu zao.

Kuna jambo la serikali pia. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha BRIN, wakala wa taifa wa utafiti, pamoja na idhini ya maadili. Usiingie kwa viza ya utalii ukaanza kuwahoji watu. Sheria ya huko ni kali, na wenyeji waliokusaidia ndio watakaobaki na matatizo.

8. Jifunze Kiindonesia, hata kama mada yako ni Kiingereza

Kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, vitenzi havibadiliki kufuata wakati, na Mswahili atakutana na maneno anayoyatambua kutoka Kiarabu: kabar, waktu, kursi, selamat. Serikali ya Indonesia imekuwa ikitoa udhamini wa Darmasiswa tangu 1974 kwa wageni wanaotaka kujifunza lugha na sanaa, na mafunzo ya Kiindonesia kwa wageni, yanayoitwa BIPA, hutolewa kwenye vyuo vingi. Ulizia ubalozi wao Dar es Salaam au Nairobi. Lugha yenyewe inazidi kupanda hadhi. Novemba 2023 Mkutano Mkuu wa UNESCO uliikubali kuwa lugha yake rasmi ya kumi.

9. Linganisha na pwani yetu kwa uangalifu

Malindi, Watamu na Kiwengwa wana Kiitaliano chao, kilichojifunzwa ufukweni bila darasa, na papasi wa Mji Mkongwe huonja lugha nne tano kabla mgeni hajageuka. Huo ni ulinganisho halali na vijana wa Kuta, Bali. Linganisha kitu kimoja kinachofanana, kwa mfano namna muuzaji anavyofungua mazungumzo au anavyoshusha bei. Ukilinganisha Indonesia nzima na Afrika Mashariki nzima utaishia kwenye maneno ya jumla.

10. Rudi na kitu mkononi

Kabla ya kuwasilisha tasnifu, geuza matokeo yako yawe karatasi moja kwa kila kazi uliyoichunguza: dereva yake, mapokezi yake, anayefanya masaji yake. Sentensi kumi na mbili wanazozihitaji kweli, zilizotoka vinywani mwa wenzao waliofaulu kuzitumia, pamoja na tafsiri ya Kiindonesia waliyoihakiki wenyewe. Mpe kila aliyekubali kurekodiwa nakala yake, ukae naye azisome, na umuulize ni zipi hazisemeki. Zile atakazozifuta kwa kalamu ziingize kwenye sura ya mwisho.