Somo la Historia: Kyaka, Kijiji cha Darajani

Leo tujifunze historia ya Kyaka, mkoani Kagera. Kyaka kilikuwa kijiji kidogo kando ya Mto Kagera. Lakini ukitoka Bukoba kwenda Mutukula, mpakani na Uganda, unavuka mto hapo hapo darajani.

Hebu tuanze na mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliwekeana mkataba huko Ulaya. Walipiga mstari ulionyooka kwenye ramani. Wenyeji hawakuulizwa. Mstari huo ulipita kaskazini ya mto. Ndiyo maana iko ardhi ya Tanzania ng'ambo ya mto, kati ya maji na mpaka.

Ardhi hiyo Idi Amin aliitamani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia. Waliua watu, wakapora ng'ombe na mali. Wananchi wengi walikimbia, wakavuka mto kuja kusini. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba ardhi ile ni ya Uganda, na mpaka ni mto. Tarehe 3 Novemba askari wake walilivunja daraja la Kyaka kwa baruti. Walitaka jeshi letu lisivuke.

Lakini mwezi ule ule jeshi letu lilijenga daraja la muda, likavuka. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na utawala wa Amin ukaanguka.

Basi, hayo ya majeshi yameandikwa vitabuni. Lakini nani alilala porini na watoto? Nani alirudi akakuta nyumba haipo? Nani hakurudi, na jina lake ni nani? Hayo wanayo wazee. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 leo ni mzee. Akifa kabla hatujaandika, habari zake zinakwenda naye kaburini.

Zamani tulisema, hatujui kuandika. Sasa hatuna kisingizio. Tuchukue daftari, tukae na wazee, tuandike majina na miaka. Kila kijiji kina historia yake. Tusipoiandika sisi, nani atatuandikia?

Maswali:
1. Nani waliuchora mpaka, na mwaka gani?
2. Kwa nini askari wa Amin walivunja daraja?
3. Katika kijiji chako, ni mzee gani utamwuliza kwanza? Andika maswali matatu ya kumwuliza.