Chema Chajiuza: Tuchaguaje Jarida la Kuchapisha Utafiti Wetu?



Mwenzetu mmoja wa falsafa alipata barua pepe iliyomwita "Mheshimiwa Profesa". Jarida moja la mtandaoni lilimsifu kwa insha yake juu ya dhamiri, aliyoisoma kwenye kongamano la wanafunzi, likaahidi kuichapisha ndani ya siku tano kwa dola 150. Tulifurahi naye. Jumuiya yake ndogo ndogo nyumbani ilikuwa imeshaanza kuchanga. Ndipo mlezi wetu mmoja akauliza, "Nani ameisoma?" Hatukuwa na jibu.

Swali hilo ndilo somo letu leo.

Jarida huria ni lile ambalo yeyote anaweza kulisoma mtandaoni bila malipo. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilihimiza njia hiyo, nayo ni neema kwa maktaba zisizo na fedha. Lakini gharama hubebwa na mtu: chuo, shirika au mwandishi mwenyewe. Ada peke yake si kosa. Hatari ni kwamba kwa tapeli kila insha inayokubaliwa ni fedha, na kila inayokataliwa ni hasara.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ya wazi, akaupeleka kwa majarida huria 304. Majarida 157 yaliukubali.

Tujipimeje basi?

Kwanza, nani anamtafuta mwenzake? Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tusianze na barua ya sifa, tuanze na orodha zinazoaminika. DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, hukagua majarida huria kabla ya kuyaingiza. AJOL hukusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Tufungue jarida kupitia orodha yenyewe, kwa sababu wapo wanaoiga jina na tovuti ya jarida halali.

Pili, wahariri ni akina nani? Tutafute majina yao kwenye tovuti za vyuo vyao. Matapeli huweka majina ya wasomi bila wenyewe kujua.

Tatu, tusome makala mbili au tatu zilizokwisha kutoka. Jarida linalochanganya tiba, uhandisi na teolojia kwenye toleo moja litutie shaka. Namba ya ISSN nayo isitudanganye: ni ya utambulisho tu, si cheti cha ubora.

Nne, ada imetajwa wazi kabla ya kutuma kazi? Majarida mengi yaliyomo DOAJ hayamtozi mwandishi chochote.

Tano, uhakiki unachukua muda gani? Wataalamu kusoma kwa makini na kujibu huchukua majuma, mara nyingi miezi. Siku tano ni muda wa kupokea malipo.

Hata hivyo, tusilihukumu haraka jarida dogo lisilo kwenye orodha. Tumwulize mkutubi au mwalimu wa somo husika.

Kwa nini tuhangaike hivi? Insha ikishachapishwa na tapeli, majarida ya kweli hayaipokei tena, na kuiondoa ni kazi ngumu. Zaidi ya hapo, kuandika kwamba kazi yetu imehakikiwa, huku tukijua hakuna aliyeisoma, kunagusa Amri ya Nane. Atakayeutegemea utafiti huo atakuwa ametuamini bure. Nanyi wazazi na wanajumuiya, mkiombwa mchango wa namna hii, ulizeni kwanza jina la jarida.

Mwenzetu aliliandikia jarida lile akiomba maoni ya waliohakiki insha yake. Jibu lilikuwa punguzo: dola 90. Michango ikarudishwa kwa wenyewe. Baadaye alipeleka insha kwa jarida jingine, lisilotoza ada. Baada ya miezi minne ilirudi ikiwa na kurasa mbili za masahihisho, na hoja yake kuu imepingwa. Ilimuuma. Sasa anaandika upya sehemu ya tatu, na karatasi ya masahihisho iko mezani pake.

Safari hii, mlezi akiuliza nani ameisoma, tunalo jibu.