Jiwe Moja, Kazi Nyingi: Tujifunze Kujenga Biashara Katika Kazi ya Machimbo

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo la somo: Baada ya somo hili, kila mwanakikundi aweze kueleza kwa nini si vizuri kutegemea timbo moja au kazi moja, na kikundi kiweze kupanga angalau njia tatu za kipato zinazotokana na ufundi kilio nao.



Siku moja vijana watano wa kikundi cha kukata mawe ya kujengea walinijia ofisini. Niliwakaribisha viti, hawakukaa. Mkubwa wao akasema, "Dada, timbo limefika maji. Mwenye shamba ametuambia tusirudi. Na deni la msumeno bado lipo."

Nilinyamaza. Msumeno ule wa kukatia mawe, mimi ndiye niliyewashauri waununue. Niliwaambia waweke akiba yao yote pale, ati mashine itawainua. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri tu. Kosa, na hasa langu, ni kwamba hatukuulizana: jiwe likiisha, itakuwaje? Somo hili limetoka katika kosa hilo.

1. TAZAMA: Kila timbo lina umri wake

Shamba ukilitunza, litakupa mavuno tena mwakani. Timbo si hivyo. Jiwe ukilitoa halioti tena. Kwa hiyo anayefanya kazi ya machimbo ajue tangu siku ya kwanza kwamba iko siku ya mwisho.

Tuangalie jirani zetu wa Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilianza uzalishaji huko mwaka 2013. Ilitoa madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni kutoka mchangani, na kuyasafirisha kwa meli kupitia Likoni. Desemba 2024 uchimbaji ukafika mwisho, maana madini ya kuchimba pale yalikuwa yamekwisha. Miaka kama kumi na moja hivi, basi. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipoanza hakuwa hata amemaliza shule.

Sasa jiulizeni, mgodi ukifungwa ni nani anayebaki amesimama? Ni yule ambaye ufundi wake unahamishika. Fundi wa umeme atapata kazi hotelini au bandarini. Aliyejifunza kutunza stoo na vitabu vya hesabu atahitajika popote palipo na mali. Lakini aliyejua kazi moja tu, kwa tajiri mmoja tu, huyo ataanza upya.

2. JIFUNZE: Wazee wa Mji wa Kale walifanyaje?

Mkipita Mji wa Kale hapa Mombasa, simameni kidogo mtazame kuta. Nyumba zile za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hata Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu yake imechongwa katika mwamba huohuo. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Hebu tuhesabu kazi zilizotoka katika jiwe hilo moja. Yuko aliyechimba, na yuko aliyechonga. Yuko aliyebeba kwa punda au kwa mkokoteni. Yuko aliyechoma chokaa: mawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakaiva, kisha yakanyunyiziwa maji yakawa unga. Halafu akaja mwashi wa kujenga, na wa kupiga lipu, na fundi wa nakshi. Baadaye akaja wa kukarabati, na huyo anahitajika mpaka leo.

Hapa pana jambo la biashara. Ukuta wa zamani wa matumbawe ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu hupasuka, na jiwe lenyewe huanza kumomonyoka. Ukuta ule unataka chokaa ili upumue. Kwa hiyo kijana anayejua kuandaa chokaa vizuri ana soko ambalo mwashi wa saruji peke yake hana. Tahadhari moja: matumbawe hai ya baharini tusiyaguse. Hayo ni nyumba ya samaki, na samaki ni chakula cha ndugu zetu wavuvi.

3. JIFUNZE TENA: Shimo la Bamburi

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kwa kuchimba mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale. Kikaacha mashimo makubwa, meupe, makavu. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti mle ndani. Mingi ilikufa. Mvinje ulistahimili chumvi na jua. Lakini majani yake yalianguka yasioze, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kutengeneza udongo. Polepole pakawa na msitu, mabwawa ya samaki na wanyama. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa njia ya kutembea mle, na leo panaitwa Haller Park.

Sisi hatuna fedha za kiwanda, ni kweli. Lakini fundisho ni letu pia: shimo si lazima liwe mwisho wa kipato. Laweza kuzaa kuni, nguzo, asali au samaki, ikiwa mwenye ardhi atakubali na mapatano yakaandikwa.

4. AMUA: Ngazi ya hatua tano

Hatua ya kwanza ni mikono. Jifunze jiwe vizuri: lipi la msingi, lipi la ukuta, lipi la kokoto. Usikimbilie kuwa tajiri kabla hujawa fundi.

Hatua ya pili ni kalamu. Andika mawe mangapi yametoka, mafuta kiasi gani, kibarua amelipwa nini. Asiyeandika hajui kama anapata au anapoteza.

Hatua ya tatu ni soko. Fuatilia jiwe lako linakwenda wapi na linauzwa bei gani likifika. Huenda faida iko kwa mwenye lori, nawe ukabaki na vumbi.

Hatua ya nne ni kuongeza thamani. Ndugu zetu wa Taita Taveta wanalijua hili. Wana vito, kikiwemo kile cha kijani kilichopewa jina kutokana na Tsavo. Kito kibichi huuzwa kwa bei ndogo, kikishakatwa na kung'arishwa bei hupanda. Vilevile jiwe la kuchonga halilingani bei na jiwe la kawaida.

Hatua ya tano ni mguu wa nje. Kila kikundi kiwe na kipato kimoja kisichohusu machimbo kabisa: kuku, bustani, au kukodisha vyombo vya sherehe.

Mtu atasema, "Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka." Ni kweli. Lakini sisemi mzishike zote tano leo. Ngazi hupandwa daraja moja moja. Na Maandiko nayo, katika Mhubiri 11:2, yanatushauri tugawe tulicho nacho katika mafungu mengi, kwa kuwa hatujui balaa gani itakuja.

Mfano wa hesabu: tuseme kikundi kina akiba ya shilingi 30,000. Shilingi 15,000 ziende katika kazi kuu. Shilingi 5,000 zimlipie mwenzenu mmoja mafunzo, au mtihani wa ufundi wa NITA ili mikono yake iwe na cheti. Shilingi 10,000 zikae benki zisiguswe. Kama ningewafundisha vijana wale hivi, hawangekuja kwangu na deni tupu.

5. Mambo ya sheria na afya

Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha wa madini ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya pale madini yanapotoka. Sheria hiyo pia inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa njia ya kupata kibali. Kikundi kisichosajiliwa ni vigumu kudai lolote. Kwa hiyo jisajilini kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Vumbi la mawe huharibu mapafu. Lowesheni jiwe kabla ya kulikata, na mfunike pua na mdomo. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji, na watoto huzama humo. Lizungushieni ua.

6. TENDA: Maswali ya kujadili

(a) Timbo letu likifungwa mwezi ujao, nani kati yetu ana ufundi wa kuuza mahali pengine?
(b) Jiwe letu linapita mikono mingapi mpaka linafika kwa mjenzi? Ni mkono upi tunaoweza kuushika sisi?
(c) Kina mama wa kikundi wanafanya kazi gani hapa machimboni, na je, jina lao limo katika daftari la mgao?

Zoezi: kabla ya mkutano ujao, wawili waende wakaulize bei ya mawe na chokaa sehemu tatu, walete majibu yaliyoandikwa.

Mtauliza, vijana wale je? Wawili walirudi kwao. Watatu waliobaki walianza kuukodisha ule msumeno kwa matimbo mengine, wakalipa deni kidogo kidogo. Mmoja wao alijiunga na mzee mwashi wa Mji wa Kale akajifunza lipu ya chokaa. Juzi tulikutana njiani, nguo zote nyeupe kwa chokaa. Akacheka, akaniambia, "Dada, siku hizi hata timbo likijaa maji, mimi silali njaa."

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.