SOMO: MATHARI ILIKOTOKA

Tukimwona mtu akiongea peke yake sokoni, twasema, "Huyu ni wa Mathari," halafu tunacheka. Hospitali yenyewe tunaijua?

Pale Nairobi palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka wa 1910 pakafanywa nyumba ya kufungia wenye wazimu. Wazungu, Wahindi na Waafrika walilazwa mbalimbali. Hata wazimu ulikuwa na rangi! Jina la Mathari lilikuja 1924.

Sheria ya 1989 ilisema mgonjwa anaweza kuandika ombi, aingie kwa hiari yake. Mageuzi ya 2022 yakazipa kaunti jukumu la matibabu haya, yawe karibu na nyumbani.

Tuzungumze kikundini: aliyerudi na vidonge vyake, tumemwandika kwa mzunguko wetu wa pesa?