Skonzi laini mpaka kesho yake: somo kwa anayeuza kwa oda

Somo la leo ni skonzi, zile laini zenye utamu wa mbali, za kunywea chai. Nimeliandaa kwa ajili yetu tunaouza kwa WhatsApp na Facebook huku mteja yuko mbali.

Mimi niko Dutwa. Wateja wangu wengi wako Bariadi mjini, wachache wako Lamadi. Kwa hiyo skonzi ninayooka leo jioni inaliwa kesho asubuhi. Ukiuza hivi, skonzi kuwa laini ikitoka jikoni haitoshi. Inatakiwa iwe laini ikifika mezani kwa mteja. Hili nimelijua kwa hasara, ndiyo maana nakuletea hapa.

ODA ILIYONIFUNDISHA

Mama mmoja wa Bariadi aliona picha kwenye status yangu, akaagiza skonzi 48. Walikuwa wanapokea wageni wa mahari, alitaka chai ya asubuhi. Akalipa yote mapema, pamoja na nauli. Nikaoka Ijumaa jioni, zikaumuka vizuri kweli. Nikazifunika na kitambaa, asubuhi nikapanga kwenye boksi, nikapakia kwenye gari.

Saa nne akanitumia picha ya skonzi iliyomegwa, makombo matupu, na ujumbe: "Mwanangu, hizi si zile za kwenye picha."

Nikamjibu: "Shikamoo mama. Ni zile zile, ila nilizioka jana. Naomba unisamehe." Nikamrudishia nusu ya pesa. Lakini wageni walikuwa wameshakaa mezani, na hilo huwezi kulirudisha.

Nilipotulia nikaona makosa yangu matatu:
1. Kila unga uliponata mikononi niliongeza unga mkavu.
2. Niliziacha kwenye moto muda mrefu nikisubiri rangi.
3. Zililala usiku kucha chini ya kitambaa, zikakauka.

Sasa twende kwenye somo lenyewe.

MAHITAJI (skonzi 16)

- Unga wa ngano nusu kilo
- Sukari gramu 80 (kama vijiko 6 vya chakula)
- Blue Band au majarini nyingine gramu 60
- Yai 1
- Hamira ya chenga vijiko 2 vya chai
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Maji mililita 150 kwa ajili ya uji
- Maziwa ya vuguvugu mililita 120 hadi 150 (kama ni mabichi, yachemshe kwanza kisha yapoze)

Kama unaweza, nunua mzani mdogo wa jikoni. Kijiko changu na chako havilingani, na mteja anataka skonzi ya leo ifanane na ya wiki iliyopita.

HATUA YA 1: Pika uji wa ngano

Usicheke, siri yote iko hapa. Kwenye ule unga wa nusu kilo toa gramu 30 (kama vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa), koroga na yale maji mpaka mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga. Ukipitisha mwiko ukaona chini ya sufuria, epua. Ni dakika mbili tatu tu. Uache upoe, kwa sababu uji wa moto unaua hamira.

Unga ukipikwa unakunywa maji mengi na kuyashika. Maji hayo yanabaki ndani ya skonzi hata baada ya kuokwa, ndiyo yanaifanya iwe laini kesho yake. Waokaji wa Japani na China wanaitumia sana njia hii kwenye mikate yao laini ya maziwa. Sisi uji tunaujua tangu utotoni, tulikuwa tu hatujaupeleka kwenye skonzi.

HATUA YA 2: Kanda

Changanya unga uliobaki, sukari, hamira na chumvi. Weka yai, uji uliopoa, kisha maziwa kidogo kidogo. Kanda dakika 5, ndipo uongeze majarini, halafu endelea kukanda dakika 10 hadi 15.

Mwanzoni utanata. Vumilia! Usiongeze unga, paka mikono mafuta kidogo uendelee. Utajua umeiva kukandwa ukivuta kipande kikatanuka kama utando mwembamba bila kukatika haraka.

HATUA YA 3: Umua mara mbili

Funika, weka mahali penye joto mpaka uwe mara mbili ya ulivyokuwa. Ni kama lisaa limoja, ila kwenye baridi ya Juni na Julai unachelewa zaidi. Angalia unga, usiangalie saa.

Gawa vipande 16, kila kimoja kama gramu 60. Viringisha, panga kwenye chombo kilichopakwa mafuta, ukiacha nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine. Acha ziumuke tena kama dakika 40 mpaka zigusane. Zikigusana ubavuni hazifanyi ganda gumu. Bonyeza moja kwa kidole: kishimo kikirudi polepole, ziko tayari kwa moto.

HATUA YA 4: Oka

Zipake maziwa juu. Mwenye oveni aweke nyuzi joto 180, dakika 18 hadi 22.

Mwenye jiko la mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini, funika na uipashe moto dakika 15. Ingiza chombo chako. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, machache chini. Kama sufuria haitoshi, oka kwa awamu mbili. Anza kuchungulia dakika ya 15. Zikiwa na rangi ya dhahabu na katikati hakuna unga mbichi, toa. Kila dakika ya ziada inakula maji uliyoyalinda kwa uji. Zikitoka tu, zipake majarini juu.

HATUA YA 5: Poza, fungasha usiku huo huo

Ziweke kwenye wavu, funika na kitambaa safi mpaka zipoe kabisa, kama lisaa limoja. Kisha funga kwenye kifungashio cha chakula kisichopitisha hewa. Ukifunga zikiwa za moto, mvuke unageuka maji na ukungu unakuja mapema. Ukiziacha wazi mpaka asubuhi, yatakukuta yaliyonikuta.

Usiziweke kwenye friji. Ubaridi wa friji unafanya mkate uwe mgumu haraka kuliko ukikaa mezani. Na kwa usafirishaji tumia boksi au mfuko mbadala, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

HESABU

Huu ni mfano, wewe weka bei za kwenu:

- Unga 1,000
- Sukari 250
- Majarini 600
- Yai 400
- Maziwa 300
- Hamira na chumvi 300
- Mkaa 500
- Vifungashio 4 kwa 100: 400
- Bando 250

Jumla ni shilingi 4,000 kwa skonzi 16, yaani 250 kila moja. Pakiti ya skonzi 4 inakugharimu 1,000. Ukiuza 1,500, unabaki na 2,000 kwa kila skonzi 16. Nauli ilipwe na mteja, na umwambie kabla hajalipa.

Sasa rudi kwenye ile oda yangu. Skonzi 48 kwa hesabu hii zina gharama ya 12,000 na mauzo ya 18,000. Nilirudisha 9,000, nikabaki na 9,000. Nilifanya kazi jioni nzima ili nipoteze 3,000, na nikampoteza mteja.

UNAVYOPOSTI

Watu wengi tunaposti skonzi inayotoa moshi. Inapendeza, lakini mteja wa mbali hataipata hivyo. Siku hizi naposti video ya skonzi ya jana: naibonyeza, inarudi, naimega, inavutika. Chini naandika, "Hii imeokwa jana saa moja jioni." Picha hiyo haiwezi kuniumbua, kwa sababu ndiyo skonzi yenyewe atakayoipokea.

KAZI YA WIKI HII

Oka skonzi 16, usiuze hata moja. Kula moja ikitoka, moja asubuhi, moja jioni yake. Ile ya asubuhi ikiwa ngumu, usipokee oda ya mbali bado, rudi hatua ya 1. Ikiwa laini, chukua simu, rekodi video, anza kuuza.

Nikizoea hivi na mimi nitamtafuta yule mama. Nataka nimpelekee pakiti moja, bila malipo, iliyookwa jana yake.