Tetrasaiklini haimtibu samaki ukiimwaga majini

Joto limepanda, na barua za wafugaji wa samaki zimeanza kufanana. Mtu kanunua vifaranga vya sato Jumamosi. Ikifika Jumanne midomo imeota kitu cheupe kama pamba, mapezi yamechanika, mgongoni pana doa la kijivu, na kila asubuhi anaopoa mizoga. Jirani anamwambia ni ukungu. Muuza dawa anampa tetrasaiklini ya binadamu, naye anafungua vidonge na kumwaga tangini.

Ule si ukungu. Ni kolumnarisi, ugonjwa wa bakteria wanaokula ngozi na mashavu ya samaki, na maji yakizidi nyuzi 25 huenea upesi. Tetrasaiklini ukiimwaga kwenye maji magumu ya kisima, hunaswa na kalisi kabla haijamfikia samaki, na inayobaki huharibiwa na jua. Bakteria wa ugonjwa wanajifunza usugu, huku wale wanaokusafishia amonia wakifa. Nimelisema hili msimu uliopita na uliotangulia.

Anza na maji. Opoa waliokufa, punguza msongamano, badilisha theluthi ya maji, ongeza hewa, acha kulisha siku moja au mbili. Kisha chumvi ya kawaida: kilo 1 hadi 3 kwa lita 1,000, iyeyushe kwenye ndoo kwanza, uimimine kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Sato huistahimili vizuri. Vifo visipopungua, mpelekee ofisa uvuvi au daktari wa mifugo samaki mgonjwa aliye hai, si mzoga uliovimba. Antibayotiki ikihitajika, yeye ndiye atakayepima uzito wa samaki na kuichanganya kwenye chakula, na atakwambia usubiri siku ngapi kabla ya kuuza. Samaki aliyekwisha kukataa kula haimfikii, kwa hiyo usichelewe.

Lakini chanzo kikubwa ni safari. Dalali anajaza vifaranga kwenye mfuko mpaka wanasuguana, anawapakia bodaboda saa sita mchana, na ngozi iliyochubuka ndiyo mlango wa bakteria. Bei yake ni nafuu kwa sababu hasara yote anakuachia wewe. Nenda mwenyewe kwa mzalishaji, kama kituo cha Kingolwira pale Morogoro, uchukue alfajiri mifuko yenye oksijeni, kisha watenge wageni wiki mbili. Wavu wa tangi la wagonjwa usiingie tangi jingine kabla haujakauka juani kabisa.

Walioandika kuhusu kambale, zamu yenu ni wiki ijayo.