Somo la 14: Kusoma na Kupima Kitabu

Tarehe 1 Septemba, 1939, serikali ya Uingereza ilianza kuhamisha watoto kutoka mijini. Vita vilikuwa karibu kuanza, na watu waliogopa mabomu ya ndege za Wajerumani. Kwa siku chache tu, karibu watu milioni 1 na nusu walipelekwa mashambani. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanafunzi, bila wazazi wao. Kila mtoto alifungiwa kipande cha karatasi chenye jina lake. Wazazi wengi hawakujua watoto wao watalala kwa nani.

Mpango huo uliitwa Operesheni Pied Piper. Pied Piper ni mpiga zumari wa hadithi ya kale ya Ujerumani. Aliwavuta watoto wa mji mmoja kwa zumari lake, wasirudi tena.

Mwaka 2023, mwandishi wa Marekani, Patti Callahan Henry, alitoa riwaya juu ya mambo hayo. Inaitwa The Secret Book of Flora Lea. Hazel, mwenye miaka 14, na mdogo wake Flora, mwenye miaka 5, wanatolewa London na kupelekwa Binsey, karibu na Oxford. Hazel anamtungia Flora hadithi ya nchi ya Whisperwood, ili kumtuliza. Hadithi hiyo ni siri yao wawili. Mwaka 1940 Flora anapotea kando ya mto. Watu wanadhani amekufa maji. Miaka 20 baadaye Hazel anafanya kazi katika duka la vitabu. Anafungua kifurushi, na ndani anakuta kitabu cha hadithi yao ya siri!

Sasa tukipime kitabu hiki.

Mwanzo wake ni mzuri. Aliyewahi kumtuliza mtoto kwa "Paukwa! Pakawa!" atauelewa mara moja.

Lakini kina upungufu. Kwanza, maduka ya vitabu ni mengi, mbona kifurushi kinafika mikononi mwa Hazel? Bahati ikizidi, msomaji haamini tena. Pili, mapenzi ya Hazel mkubwa yanachukua nafasi kubwa. Uchungu wa mama aliyewapa watoto wake kwa watu asiowajua unaguswa kidogo tu. Huo ndio moyo wa historia hii.

Ndugu msomaji, kitabu si amri. Operesheni ilikuwapo kweli, na Binsey ipo. Hazel na Flora ni wa kubuni. Usomapo, tenga kweli na ya kubuni, kisha sema lililokupendeza na lisilokupendeza, na kwa sababu gani.

Maneno mapya
riwaya: hadithi ndefu ya kubuni
kubuni: kutunga jambo ambalo halikutokea
upungufu: kasoro

Maswali
1. Kwa nini watoto walihamishwa?
2. Je, jina la Operesheni lilifaa? Toa sababu.
3. Ungekuwa mzazi mwaka 1939, ungemtoa mtoto wako? Jadilianeni.
4. Andika hadithi moja uliyosimuliwa utotoni. Nani aliisimulia?